Mashine Haijafa, Fundi! Umekatika Mkanda Tu



Leo hatuzungumzii hina wala singo. Leo tuna jambo limetukaa kooni tangu masika, na tumeona tukilimeza litatusonga. Tunataka kuzungumzia mashine ya kukaushia nguo, ile tunayoiita draya. Tunajua wengine mtacheka. Mtasema hawa washoni wameishiwa na mada. Subirini kidogo, maana ndani ya ile mashine tumekuta mambo matatu ambayo ni ya dini kabla hayajawa ya chuma: uongo, uvivu na israfu. Na moja katika hayo matatu lilikuwa letu wenyewe.

Sisi ni washoni. Tulimaliza kidato cha nne, tukaenda kozi ya ushoni, tukaanza na cherehani moja ya miguu barazani. Leo, Alhamdulillah, tuna kijiduka: tunashona sare za harusi, tunakodisha magauni, na tunafua na kupiga pasi mashuka na foronya za vyumba vya maharusi. Na sisi ni watu wa kisiwani. Masika yakishika, Machi mpaka Mei, kamba ya kuanikia inakuwa pambo tu. Nguo inakaa siku tatu juu ya kamba na bado kwenye mishono ni mbichi, na uvundo umeshaingia. Ndiyo maana tulinunua draya ya mtumba. Hatukuinunua kwa fahari. Tuliinunua kama tulivyonunua pasi.

Masika haya tulikuwa na kazi ya harusi moja. Nikaha ilikuwa Ijumaa. Kwetu sisi kulikuwa na sare 14 za mashoga wa biharusi, mashuka 4 na foronya 8 zilizotariziwa kwa mkono, na vyote vilitakiwa vifike Alhamisi alasiri kwa ajili ya kupamba chumba. Jumanne usiku tukatia mashuka kwenye draya, tukabonyeza, tukasikia inavuma. Tukaenda kula. Tuliporudi, mashuka yalikuwa palepale tulipoyatia, yamelala chini ya pipa kama yalivyo, upande mmoja yamepata moto, upande wa pili yanachuruzika maji. Mashine inavuma, hewa inatoka, lakini pipa halizunguki.

Jumatano asubuhi tukaita fundi. Alikuja na mkoba, akasimama mbele ya mashine, akabonyeza, akasikiliza kwa muda wa kusema Bismillah, akazima. "Mota imekufa," akasema. Hakutoa hata bisibisi mkobani. Mota mpya itoke Dar, na ufundi wake, jumla shilingi 280,000. Atangulizwe 100,000. Tukampa. Tulimpa kwa sababu alisema kwa uhakika, na sisi tulikuwa na hofu. Mtu mwenye hofu hununua chochote kinachouzwa kwa uhakika.

Sasa sikilizeni yaliyotokea usiku ule, na hapa ndipo aibu yetu ilipo. Mvua haikusita. Tulikaa na mashuka mabichi mapajani tukiyapitisha pasi mara ya tatu na ya nne. Kwa juu yalikuwa makavu, yanang'aa. Lakini pindo, na pale palipotariziwa, palikuwa bado na unyevu. Mmoja wetu akasema: tuyakunje hivihivi, tuyafukize udi mzuri, nani atajua? Kwa nusu saa tulikaa tukilizungumza jambo hilo kama watu wenye akili. Tulishafika mpaka pa kuchagua udi.

Mwenzetu mwingine akasema neno moja tu: "Na kile chakula cha sokoni?"

Tukanyamaza. Nani kati yetu hakufundishwa chuoni kisa kile? Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye kuuza akajitetea kuwa mvua imekinyeshea. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione. Na maneno yaliyofuata juu ya mwenye kughushi kila Muislamu anayajua. Sisi tulikuwa tunataka kufanya jambo lilelile, kavu juu na bichi chini, tena kwa kitanda cha biharusi, tena tukisaidiwa na udi.

Tukampigia simu mama wa biharusi. Tukamwambia ukweli: mashine imeharibika, nguo bado mbichi, tunajitahidi, lakini hatuwezi kumuahidi. Alinyamaza kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu kuliko masika yenyewe. Kisha akasema, "Ahsanteni kwa kunambia. Nakupeni mpaka kesho laasiri."

Ndipo tukaifungua.

Tulichomoa plagi ukutani kwanza. Kisha tukatia mkono ndani tukalizungusha pipa. Likazunguka jepesi mno, halina uzito wowote, halishikwi na kitu. Na pale pale tukatazamana, kwa sababu hisia ile tunaijua. Kila mshoni aliyeanza na cherehani ya miguu anaijua. Mkanda ukikatika, unakanyaga ubao, gurudumu la chini linazunguka, la juu limelala. Hakuna mshoni hapa Unguja atakayesema cherehani imekufa! Anatafuta mkanda, anaukata kwa urefu wake, anatia chuma chake, anaendelea kushona. Sasa kwa nini akili ile ile ituishie tukisimama mbele ya mashine yenye plagi?

Tukafungua skrubu za nyuma, tukainua kifuniko cha juu. Chini, juu ya zulia la nyuzinyuzi za nguo, mkanda ulikuwa umelala kama nyoka aliyekufa, umekatika. Pamoja nao tulikuta chupio mbili, sarafu ya 200, na lulu moja ya gauni tulilolitafuta mwaka jana mpaka tukagombana.

Alhamisi asubuhi duka la vifaa likafunguliwa nasi tuko mlangoni. Mkanda wa draya nyingi za Ulaya umeandikwa namba: urefu wake kwa milimita na idadi ya mifereji yake. Tulikwenda na kipande cha zamani mkononi, tukapewa mwenzake kwa shilingi 22,000. Ukapita kulizunguka pipa, mifereji ikatazama ndani, ukakaa kwenye puli ya mota na kwenye ile puli ndogo inayouvuta ukaze. Adhuhuri mashuka yalikuwa makavu mpaka kwenye pindo. Alasiri yalikuwa kitandani kwa biharusi.

Elfu ishirini na mbili, dada zetu. Badala ya laki mbili na themanini.

Tulipompigia fundi, jibu lake la kwanza lilikuwa, "Nyinyi wanawake, mashine hamuzijui, mtajiua." La pili lilikuwa kwamba mota ameshaiagiza. La tatu lilikuwa simu iliyozimwa. Baada ya wiki tatu, kwa kupitia mzee mmoja wa mtaani, tulirudishiwa 60,000. Elfu arubaini iliyobaki bado tunamdai. Jina lake hatulitaji, lakini deni liko palepale.

Sasa tuseme tuliyokuja kuyasema.

Kwanza, kwa mafundi. Hatusemi nyote ni waongo. Mwezi uliofuata alikuja fundi mwengine, mtu mzima, kutazama rola zinazobeba pipa. Akafungua mbele yetu, akatuwekea rola ya zamani kiganjani, akasema, "Tazameni, imekula upande mmoja." Akatia mpya, akatuachia zile mbovu, akataja bei ya haki, akaenda kusali. Huyo tutamuita mpaka tuzeeke. Kwa hivyo msitwambie kuwa ufundi hauwezekani bila ya uongo. Mota iliyokufa haipulizi hewa. Kwenye mashine kama yetu mota ndiyo inayozungusha pipa na ndiyo hiyo hiyo inayozungusha feni. Kama hewa inatoka, mota ni hai. Fundi aliyekaa na mashine hizi miaka analijua hilo kabla hajavua viatu. Akisema imekufa, ama hajui kazi, ama anajua na anasema uongo. Katika hali zote mbili ile pesa si halali yake. Chakula kilichorowa chini ya kikavu, na mota nzima iliyotangazwa kifo, ni bidhaa moja.

Pili, kwetu sisi. Ile mashine haikukatika ghafla. Ililia miezi mitatu. Ilikuwa inalia kama mlango wa kale, na sisi tulikuwa tunaongeza sauti ya redio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ufa tuliufunika kwa kaswida! Mashine inayopiga kelele inakwambia kinachoiuma. Hebu tuwape kile tulichojifunza, ili siku nyengine fundi akija awakute mnajua.

Ikigonga du, du, du kwa mpigo mmoja kila pipa linapozunguka, tazameni rola zinazolibeba pipa. Zimechakaa au zimeota ubapa upande mmoja.

Ikilia kwa sauti kali na nyembamba, mara nyingi ni ile puli ndogo inayovuta mkanda, au vyuma vya rola vimekauka na kujaa vumbi. Hapo ndipo sisi tulipopuuza, na puli iliyokwama ndiyo iliyoula mkanda wetu.

Ikikwaruza, chuma kwa chuma, zimeni hapo hapo. Kitambaa kizito kinachozunguka mdomo wa pipa kimekwisha, au beringi ya nyuma imekwisha. Mkiendelea itakata pipa, na kabla ya pipa itakata nguo ya mtu.

Ikichakacha kama kayamba, ni sarafu, chupio, kifungo au ushanga. Kagueni mifuko kabla, na gauni la shanga na lulu lisiingie humo kabisa. Hilo ni la kamba ya kivulini na feni, na subira.

Ikivuma na pipa limetulia, chomoeni plagi, kisha zungusheni kwa mkono. Likiwa jepesi mno, ni mkanda. Likiwa limekwama, kuna kitu kimeingia au kitu kimevunjika. Likiwa na uzito wake wa kawaida na mota inanguruma bila kuondoka, huenda ni kapasita au mota yenyewe. Hapo simameni, msiguse. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kutoka ukutani, na hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea.

Ikiwa kimya kabisa, kabla ya kulia, chomekeni pasi kwenye tundu lile lile muone kama umeme upo na uniti za tukuza hazijaisha. Tazameni kama mlango unafunga sawasawa, maana kuna swichi mlangoni isiyoruhusu mashine kuondoka. Kwenye baadhi ya mashine kuna na fyuzi ya joto, inayokatika mashine ikizidi moto. Fundi akibadilisha fyuzi hiyo asisafishe njia ya hewa, amekuibieni kwa mara ya pili, kwa sababu itakatika tena.

Na jambo moja kwa washoni wenzetu: msitie mafuta ya cherehani. Tunajua mkono unawasha. Ndani ya draya mafuta yanakamata nyuzinyuzi, yanalowesha kile kitambaa cha mdomo wa pipa, na mwisho wake yanatoka kama doa la rangi ya chai kwenye shuka jeupe.

Tatu, kwa wale wanaosema mashine si kazi ya mwanamke. Neno hili hatulikubali tena. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na akitengeneza kiatu chake. Kiumbe bora kabisa alitengeneza kilichoharibika kwa mkono wake, wala hakuona kuwa hiyo ni kazi ya watu wengine. Nani basi amekuja kutwambia kuwa kuna mkono uliokatazwa kushika bisibisi? Nendeni Kinyasini, hapa hapa Unguja, mkawaone wanawake wa vijijini, wengine skuli hawakuiona, wanafundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua mpaka nyumba zinawaka taa. Wao wameweza waya, sisi tushindwe na mkanda?

Tena tuseme lile ambalo halisemwi. Fundi mwanamme akija na mume hayupo, tunafanya nini? Tunakaa chumba cha pili, mlango tumeurudisha, na msimamizi wa kazi ni mtoto wa miaka tisa. Stara ni yetu na hatuiachi. Lakini fundi mwongo anajua kuwa hakuna jicho. Anajua kuwa tunataka amalize aondoke, na atakachosema tutakilipa. Stara yetu ameigeuza soko lake. Dawa yake ni nyepesi. Mashine itolewe uani au barazani. Awepo kaka, mjomba au jirani wa kuaminika. Nasi tusimame na mitandio yetu, tutazame, tuulize. Kuuliza hakuvunji heshima ya mwanamke. Na dawa kubwa zaidi ni mafundi wanawake. Mabinti wanaomaliza kidato cha nne msiwasukume wote kwenye kupamba na kupika keki. Ufundi wa vyombo vya umeme unafundishwa kwenye vyuo vya amali. Binti mmoja fundi katika kila shehia, mpaka chumbani anaingia bila ya wasiwasi. Wallahi hatakosa kazi.

Nne, kwenu biharusi, na hapa mtatusamehe tukiwa wakali. Siku hizi orodha ya vyombo imeshakuwa ndefu kuliko khutba. Friji, jiko, mashine ya kufulia, na sasa draya, tena mpya, tena ikae mahali wageni watakapoiona. Na ile ya mama, iliyokatika mkanda, iko uani mvua inainyeshea. Tunaijua moja imegeuzwa tundu la kuku! Kuku hawana makosa, lakini pesa ile ilikuwa jasho la mtu. Israfu si ya wali unaomwagwa harusini peke yake. Kutupa kitu cha mamia ya maelfu kwa ubovu wa elfu ishirini na mbili ni israfu pia, na biharusi anayemwambia mumewe anunue mpya bila hata kuichungulia ya zamani ameanza nyumba yake kwa mguu mbaya.

Na mkinunua ya mtumba, someni kile kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230 na mzunguko wa Hz 50. Wa Oman na wa Imarati ni Hz 50 kama wetu, kwa hivyo draya ya shangazi wa Muscat ikija itafanya kazi yake. Wa Saudia na wa Marekani ni Hz 60. Mota iliyotengenezwa kwa 60 peke yake, hapa kwetu huzunguka polepole kwa kiasi cha sehemu moja ya sita, na hupata moto kuliko inavyotakiwa. Muuzaji hatakwambieni. Atakwambieni "ni imara, ya nje."

Sasa, tunajua watakaotupinga, na tuwajibu.

Kuna watakaosema jua la Mungu ni bure, na draya yenyewe ndiyo israfu. Kweli tupu, wakati wa kaskazi! Jua likiwaka, sisi ni wa kwanza kuanika, na draya yetu inalala miezi. Draya inakula umeme mwingi, hatukatai. Lakini anayesema hivyo mwezi wa Aprili, aje aanike mashuka ya watu kwenye kamba yetu kisha akamueleze mama wa biharusi.

Kuna watakaosema ni hatari, mtauliwa na umeme. Tunawakubalia nusu. Ndiyo maana tumesema plagi ichomolewe kabla ya kugusa, na kapasita na nyaya aachiwe aliyesomea. Lakini hatari kubwa ya draya haiko kwenye kuifungua, iko kwenye kutoifungua. Zile nyuzinyuzi zinazojaa ndani zinashika moto upesi. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilikadiria, kwa miaka ya 2008 hadi 2010, kuwa kila mwaka nyumba za huko zilipata moto kama 2,900 uliotokana na mashine za kukaushia nguo, na watu kama 5 walikufa. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutosafishwa. Na sisi chini ya pipa letu tulikuta zulia zima! Watoto wetu wanalala chumba cha pili. Chujio lisafishwe kila mzigo mmoja, na bomba la hewa litazamwe. Na usiwashe draya ukaenda kulala, au ukatoka kwenda harusini.

Na kuna watakaosema mnawaharibia mafundi riziki zao. Hapana. Riziki anagawa Allah, na fundi mkweli ana kazi zaidi kwetu leo kuliko zamani, kwa sababu tunamuita kelele zikianza, hatusubiri mpaka mashine ife. Anayeharibikiwa ni yule aliyekuwa akila hofu zetu.

Basi kuanzia leo haya ndiyo masharti yetu, na tunawaomba muyafanye yenu. Fundi afungue kabla ya kutamka ugonjwa. Atuonyeshe kilichoharibika, tukione kwa macho yetu. Kifaa cha zamani kibaki kwetu, hata kama ni kipande cha mkanda. Bei iandikwe, cha kununuliwa mbali na ufundi mbali. Na pesa ya kutanguliza iende dukani kununua kifaa, kwa risiti, isiingie mfukoni.

Na kwa kuwa tumewataka wenzetu amana, nasi tunaiweka yetu juu. Mteja wetu yeyote akija kuchukua nguo, tunazikunjua mbele yake. Atie mkono mwenyewe, ashike pindo, ashike kwapa, ashike mshono. Ikiwa mbichi, tutamwambia mbichi. Udi tutautia baada ya hapo, kwa ajili ya kunukia tu.

Lile pande la mkanda uliokatika tumelitundika ukutani dukani, karibu na rula. Wateja wanauliza ni kitu gani. Tunawaeleza, na kila tunapoeleza hukumbuka usiku ule na udi tuliokuwa tumeshauchagua, na tunastaghfiru.

Allah atutakasie chumo letu, azijaalie nyumba za biharusi wetu mapenzi na utulivu, awaongoe mafundi wetu na sisi pamoja nao, na atujaalie mikono yenye kutengeneza kuliko yenye kutupa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.